Bado Haijafaulu

Jumamosi, 1 Februari

Nimeichukua leo. Pale duka la silaha mjini wamelinganisha nambari iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyo katika cheti changu, wakarudia mara nyingine, nikatia sahihi, kisha kisanduku cha plastiki kikasukumwa upande wangu. Ni bastola ndogo ya milimita 9. Mtutu haufiki sentimita 9 kwa urefu, na mpini ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinakosa pa kushika. Slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, ni ngumu. Nilipoivuta ilinirudia kabla ya kufika nyuma kabisa, ikabana ukingo wa kiganja. Kijana wa kaunta ameniletea plasta. "Bado mpya, mama," akasema. "Itazoea."

Teksi imekaa Dagoretti Corner muda mrefu kwa sababu lori la mchanga limeharibika katikati ya barabara. Nimekaa na kisanduku mapajani hadi mtaani kwetu, Satellite.

Usiku, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, nimeifungua. Imejaa grisi nzito ya kiwandani, ile inayopakwa ili chuma kisishike kutu safarini, siyo mafuta ya kulainisha. Grisi imeshika pazia, ikashika daftari la madeni ya gesi. Ukurasa wa wateja wa Gatina hausomeki vizuri. Magazini ni mbili, na zote zinagoma kupokea risasi ya mwisho.

Jumatatu, 3 Februari

Duka limefungwa mapema kwa sababu stima imepotea tangu saa kumi. Nimesoma kijitabu cha bastola kwa tochi ya simu. Kina kurasa nyingi za maonyo na aya moja tu kuhusu ninachokitafuta, yaani zipigwe risasi ngapi kabla ya mtu kuiamini. Aya inasema bastola mpya huhitaji kutumika kidogo. Kidogo kiasi gani, haisemi.

Wapo wanaosema wazi. Kahr, kampuni ya Marekani ya bastola ndogo za kubebwa chini ya nguo, huandika kwamba bastola yao isihesabiwe kuwa ya kutegemewa mpaka imepiga risasi 200. Kimber hutaja 400 hadi 500 kwa baadhi ya zao. Wengine husema silaha yao iko tayari tangu siku inapotoka kisandukuni. Mimi nawaheshimu zaidi walioandika nambari. Nambari ikifika na hitilafu bado zipo, mnunuzi ana pa kusimamia.

Na kuzoea kwenyewe si fumbo. Reli za slaidi na za fremu hutoka kiwandani na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, zikisuguana zinasawazishana. Springi mpya, ya slaidi na ya magazini, hulegea kidogo halafu hutulia. Hayo mawili ndiyo kuzoea. Hakuna la tatu.

Niandike pia kwa nini ninayo. Nauza gesi ya kupikia na nina kibanda cha M-Pesa kando ya Naivasha Road, na pesa za jioni haziwezi kulala dukani. Mwaka juzi vijana wawili walitufuata hadi langoni, wakachukua begi na wakamvunja mkono msaidizi wangu, msichana ambaye hakuwa ameshika hata shilingi. Ndipo nikaomba leseni. Nikahojiwa, alama za vidole zikachukuliwa, majirani wakaulizwa tabia zangu. Ilichukua muda, na ni haki ichukue muda. Maswali yote yalinihusu mimi. Hakuna aliyeuliza kama bastola nitakayoibeba inapiga. Hilo limebaki juu yangu, nami nimejiwekea sharti: haitatoka kwenye sefu kwenda kazini mpaka ifaulu.

Jumamosi, 8 Februari

Uwanja wa shabaha, nje ya mji. Mwalimu ni afisa mstaafu, mzee wa kuongea polepole. Nimempa shikamoo, akaitikia, akaomba kuona mikono yangu kabla ya kuomba kuona bastola.

Kabla ya kuondoka nyumbani nilipaka rangi ya kucha kwenye kitako cha kila magazini, moja nyekundu na moja nyeupe, ili nijue ni ipi iliyofanya nini. Mwalimu ameziangalia akaniambia niweke daftari: tarehe, aina ya risasi, magazini gani, hitilafu gani, nani alikuwa ameshika. "Ukisema tu ilikwama, hujasema kitu," alisema. "Ilikwama wapi?"

Ilikwama hapa. Magazini nyekundu, risasi za mwanzo: pua ya risasi imeinama, ikagonga chini ya tundu la mtutu, slaidi ikabaki wazi nusu. Nyekundu tena: hivyo hivyo. Nyeupe: ganda tupu limeshindwa kuruka nje, limebanwa wima kwenye dirisha la slaidi. Baada ya hapo nyeupe imetulia.

Ganda moja la moto limeruka likaingia kwenye kola ya blauzi yangu. Nimeweka bastola mezani kwanza, mdomo ukielekea shabaha, ndipo nikalitoa. Limeacha alama nyekundu chini ya shingo.

Wakati wa chai Mwalimu amenieleza kwa nini bastola ndogo inasumbua kuliko kubwa, na nataka kuyaandika kwa ukamilifu kwa sababu ni mambo ambayo kaunta haiyasemi. Risasi ni ile ile. Risasi hii ya milimita 9 ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya ishirini, na teke lake halipungui kwa sababu umenunua chuma kidogo. Tofauti iko kwenye kinachopokea teke hilo. Ceska wanazobeba polisi wetu, jina ambalo Nairobi hulitumia karibu kwa bastola yoyote, asili yake ni CZ 75 ya mwaka 1975 kutoka Uherský Brod, nchi ya Wacheki: chuma kitupu, takriban kilo moja kabla ya risasi. Slaidi yake ni nzito, inasafiri mbali, inarudi kwa utulivu, na magazini inapata muda wa kuinua risasi inayofuata. Bastola yangu ina slaidi nyepesi inayosafiri kipande kifupi. Ili isirudi nyuma kwa kishindo wameiwekea springi kali. Springi kali inairudisha mbele kwa haraka. Magazini ina muda mchache mno wa kuleta risasi mahali pake, na risasi ikichelewa au ikiinama kidogo tu, slaidi inaikuta haijafika.

Kwa hiyo kila kitu kidogo kinahesabika: uchafu, mafuta, umbo la pua ya risasi, mkono wa anayeshika. Ceska inasamehe mambo haya. Ndogo haina nafasi ya kusamehe.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Nimevaa kitenge, hakuna mkanda. Bastola imebaki kwenye sefu.

Jioni sefu imekataa kufunguka. Betri zake nne zimekwisha, na duka la karibu lina za rimoti tu, ambazo ni nyembamba. Nimepata za saizi yake karibu na stendi ya matatu za 46. Sefu ya vitufe inayotegemea betri inapaswa kukaguliwa kama bastola yenyewe inavyokaguliwa. Nimeandika tarehe ya betri mpya kwa kalamu upande wa ndani wa mlango.

Jumatano, 12 Februari

Kijana wa boda anayenipelekea mitungi ana pikipiki mpya. Ameambiwa asiikaze kwa kilomita 500 za mwanzo, abadilishe oili mapema, asibebe mizigo mizito. Leo amekuja nayo akiisukuma, uso umebadilika. Breki ya mbele haishiki. Amerudi mahali alipoinunua wakamwambia ni mpya, itashika yenyewe.

Nimemwambia airudishe, na nimempa shahidi wa kwenda naye, mzee wa stendi yao. Injini mpya ina haki ya kuwa nzito. Breki isiyoshika ni breki mbovu, iwe ya leo au ya mwaka jana. Hakujua kwa nini nimeongea kwa ukali hivyo, na sikumweleza. Bastola haizungumzwi stendi.

Mitungi imepelekwa kwa mkokoteni, ikachelewa. Mteja mmoja wa Kabiria amekula githeri baridi.

Ijumaa, 14 Februari

Soko la Kariokor, kutafuta ala ya kubebea bastola. Ala za viwandani zinapatikana kwa bastola kubwa; ya umbo la yangu hakuna. Mafundi wa ngozi wa Kariokor wanashona viatu, mikanda na mifuko ya kila aina, lakini siwezi kumwachia mtu silaha yangu aipime. Seremala wa Naivasha Road alinichongea kipande cha mti kwa vipimo nilivyochora. Kilikuwa sawa mpaka mtoto wake alipokichukua kuchezea, na kikarudi bila pembe moja.

Fundi ameshona kwa uaminifu na ngozi ni nzuri, lakini ni laini. Nikikichomoa kile kipande cha mti, mdomo wa ala unajikunja. Ngozi iliyojikunja inaweza kuingia mbele ya kifyatulio wakati wa kurudisha bastola, na kuna watu waliojipiga paja kwa namna hiyo. Nimemlipa kwa kazi yake na sitaitumia. Amekubali kushona nyingine ya ngozi ya soli yenye ukingo ulioongezwa kipande kigumu, kifyatulio chote kikiwa kimefunikwa.

Yote haya nayaweka kwenye hesabu ya kutegemewa. Bastola inayopiga vizuri lakini inakaa kwenye ala mbaya haitegemeki.

Jumamosi, 15 Februari

Uwanjani tena. Risasi za leo ni zile za pua ya mviringo, zilizofunikwa shaba mwili mzima. Kenya tunatengeneza risasi zetu wenyewe, kwenye kiwanda cha Kenya Ordnance Factories kule Eldoret, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1997, na milimita 9 ni mojawapo ya wanazotoa. Mwalimu hupenda wanafunzi waanze na umbo hili kwa sababu linateleza kwa urahisi kuingia kwenye mtutu. Zipo za pua yenye shimo, zilizobuniwa zipanuke zikigonga na zisipite mbali. Lakini pua iliyokatwa inaweza kujikwaa mahali ambapo ya mviringo inateleza. Bastola iliyofaulu kwa aina moja haijafaulu kwa nyingine. Mtihani unarudiwa kwa risasi zile zile utakazobeba.

Daftari: nyeupe, hakuna hitilafu. Nyekundu, pua chini, tena.

Bwana mmoja kijana kwenye mstari wa pili, mwenye bastola ya kampuni nyingine, alikuwa akikwamiwa kila mara na kuilaumu kwa sauti. Mwalimu ameichukua, akapiga magazini nzima bila shida, akamrudishia. "Mkono, baba. Kifundo chako kinapinda." Slaidi inahitaji fremu iliyoshikiliwa imara ili iwe na kitu cha kusukumia; mkono ukirudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu inapotea njiani, slaidi haifiki mwisho wa safari yake, ganda halitoki. Kwenye bastola nyepesi jambo hilo hujitokeza haraka zaidi. Yule bwana amesikia vibaya, akafunga vitu vyake akaondoka. Amesahau kofia.

Nimemwomba Mwalimu apige na magazini yangu nyekundu. Kwake pia imekwama, pua chini.

Kwa hiyo si mkono.

Nimerudi nyumbani na boksi tupu. Boksi la risasi 50 linakwisha upesi kuliko mtungi wa kilo 6, na bei yake inauma. Naelewa kabisa kwa nini wenye leseni wengi hupiga chache, wakatosheka kwamba imelia, wakaanza kuibeba. Mwalimu anasema mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019, baada ya Waziri Fred Matiang'i kufuta vyeti vyote vya raia na kuagiza kila mmiliki akakaguliwe upya ndani ya siku 90, baadhi ya watu waliomjia kujiandaa walileta bastola ambazo magazini zake hazikuwa zimetolewa mle ndani kwa miaka. Waliweza kukwambia nambari ya cheti bila kuangalia. Hawakujua kama inapiga.

Jumanne, 18 Februari

Vumbi. Mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, na upande wetu wa Satellite wanachimba mtaro wa mabomba, hivyo vumbi jekundu limeingia dukani, kwenye chai, kwenye meno. Nimefanya jaribio: nimefunga kile kipande cha mti cha seremala kiunoni, ndani ya ala mbaya, nikafanya nacho kazi kuanzia asubuhi hadi kufunga. Jioni nimekipangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kimekuwa rangi ya tofali, pamoja na nyuzi za sweta na jasho.

Hayo ndiyo yangekuwa kwenye slaidi. Mafuta mengi yangeyageuza kuwa udongo wa kusugulia chuma. Bila mafuta jasho lingeleta kutu. Tone dogo kwenye kila reli, basi, na kufuta kila jioni ya siku niliyobeba. Kumbukumbu kwangu: usafi ufanyike chumbani mlango ukiwa umefungwa, risasi zikiwa chumba kingine.

Mteja amegonga katikati ya jaribio akitaka regyuleta. Amenitazama kiunoni akaniuliza kama mgongo unauma. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 20 Februari, usiku

Saa nane na dakika chache. Mabati ya nyuma yametikiswa kwa nguvu, halafu kimya, halafu mtu ameanza kupanda. Nimeketi kitandani. Sefu iko hatua chache kutoka kitandani, na betri ni mpya.

Sikuifungua. Niandike sababu zote mbili maana nimekaa macho kuzifikiria, na nitaulizwa na binti yangu kesho.

Ya kwanza: haijafaulu. Kama ningesimama mlangoni nikiishika na pua ya risasi ikainama, ningekuwa nimetoka mahali salama kwenda mbele ya mtu nikiwa na kipande cha chuma. Bastola isiyoaminika ni hatari kuliko mikono mitupu, kwa sababu inakufanya utoke.

Ya pili ni ukuta. Nyuma ya mabati yale kuna chumba cha jirani, na watoto watatu wanalala sakafuni upande wetu kwa sababu kitanda ni cha wazazi. Risasi ya shaba mwili mzima haisimami kwenye bati. Inapita bati, inapita plaiwudi, inaingia ng'ambo ikiwa bado na nguvu ya kuua. Nyumba nyingi za hapa, Kawangware hadi Kibera, zimetenganishwa na kitu ambacho msumari wa inchi mbili hupita. Anayetaka kubeba silaha mtaani humu lazima ajue kila upande ni nani analala na kichwa kiko wapi. Mimi sasa najua: nimeuliza, nimepima kwa macho, na upande huo sitapiga kamwe, hata bastola ikifaulu mara mia.

Nimewasha taa zote, nimepuliza filimbi ya ulinzi wa nyumba kumi, nimempigia mwenyekiti. Majirani wametoka na tochi. Aliyekuwa juu ya ukuta ni mpangaji wa nyumba ya tatu, amerudi kutoka zamu ya usiku akakuta lango limefungwa na simu haina chaji. Amechanika suruali. Ametuomba radhi kila mmoja, akiita kila mama kwa jina la mtoto wake.

Hakuna aliyelala tena. Nimepika chai ya watu wengi.

Jumamosi, 22 Februari

Nyekundu: pua chini. Nyeupe: safi. Nimebadilisha risasi kati ya magazini, nimebadilisha mpangilio, nimeanza na nyeupe kisha nyekundu na kinyume chake. Daftari halina utata tena. Tatizo linafuata magazini moja.

Wakati wa kungoja zamu, watu wameongea kuhusu shambulio la jengo la maduka la Westgate, kama kawaida uwanjani. Lilianza tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 wakauawa, na kabla ya vikosi kupangwa vizuri raia wenye leseni waliingia na bastola zao kutoa watu. Abdul Haji, aliyekuja kuwa Seneta wa Garissa, ni mmoja wao, na picha za siku ile zilizunguka dunia nzima. Wengine hapa huzungumza habari hiyo kana kwamba ni ahadi kwamba nao wangeweza. Mimi huwaza jambo jingine kila nikiisikia: wale walioingia walikuwa na bastola walizozijua. Hakuna aliyekuwa anangoja izoee.

Mvua ndogo imenyesha nikirudi. Matatu imechota maji ya shimo la Naivasha Road ikanimwagia hadi magotini. Kisanduku kilikuwa kimefungwa vizuri.

Jumatatu, 24 Februari

Nimerudi duka la silaha na daftari, magazini zote mbili, tupu, na bastola kwenye kisanduku chake. Kijana yule yule. Kabla sijafungua daftari amesema, "Bado risasi chache, mama. Iongezee. Itazoea."

Nimemwomba aniite fundi wa silaha. Nimengoja kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ni mfupi.

Fundi amekuja na kipimo cha venia. Hakusema neno. Amepima midomo ya magazini nyeupe, ile midomo miwili ya juu inayoshika risasi na kuiachilia, kisha ya nyekundu. Midomo ya nyekundu haiko sawa: upande mmoja umefunguka zaidi, hivyo risasi inalegea mapema na pua inaanguka kabla ya slaidi kuisukuma. Ilitoka kiwandani hivyo. Risasi elfu zisingeinyoosha.

Hapo ndipo nilipoongea, na kijana amesikia, na mteja mwingine aliyekuwa kaunta amesikia. Nilimwambia kwamba neno lake lingenigharimu boksi baada ya boksi, na baada ya pesa kuisha ningeamini kwamba kosa ni la mikono yangu, kwa sababu mwanamke anayesimama kwenye kaunta ile huambiwa hivyo kabla ya kuulizwa lolote. Nilimwambia kwamba kuna mtu atakayeondoka hapa bila daftari, atafuata neno lile lile, ataibeba, na siku atakayoihitaji itainamisha pua. Nilimwomba waandike nambari. Wauzaji wote waandike: risasi kadhaa za kulainisha, na baada ya hapo kila hitilafu ni kasoro ya kurudishwa. Hata viwanda vikubwa hukosea. SIG Sauer walipotoa P365 yao mwaka 2018, bastola ndogo iliyosifiwa sana, baadhi ya zile za kwanza zilivunjika pini ya kufyatulia, na kampuni ikabadilisha. Hawakuwaambia wateja kwamba pini iliyovunjika itazoea.

Fundi amesema, "Mama ana haki." Magazini mpya italetwa.

Jumatano, 5 Machi

Kijana wa boda amepita. Wamembadilishia breki nzima, pampu na bomba lake. Mzee wa stendi ndiye aliyeongea. Mteja wa Kabiria bado ana hasira kuhusu githeri. Nimempunguzia shilingi hamsini.

Fundi wa Kariokor amenipigia: ala ya ngozi ya soli iko tayari, lakini amekosea upande, ameishona ya mkono wa kushoto. Anashona upya.

Ijumaa, 7 Machi

Magazini imefika. Nimeipaka kijani. Nyekundu imebaki kwa fundi, amekata kitako chake mbele yangu kwa msumeno ili isimfikie mtu mwingine. Nimependa kwamba alifanya hivyo bila kuombwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nyeupe imemaliza hesabu niliyoiwekea. Slaidi sasa inavutika hadi mwisho kwa mikono yangu mwenyewe bila kushika kiganja. Huko ndiko kuzoea, na kumetokea bila mtu kuhitaji kukuahidi. Mwalimu amenifanya nipige kwa mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake, kisha nikiwa nimechoka baada ya kukimbia mara kadhaa hadi kwenye lango na kurudi, kwa sababu siku ya hatari kifundo hakitakuwa imara kama cha asubuhi ya mazoezi. Haikukwama.

Kijani imeanza sifuri. Kilichofaulu ni bastola pamoja na nyeupe. Bastola pamoja na kijani ni mtihani mwingine, na Mwalimu hakubali mkato. Ninakubaliana naye. Sitabeba magazini ya akiba ambayo sijui tabia yake.

Risasi zimeisha kabla kijani haijafika nusu. Jumatatu narudi mjini na cheti kununua boksi jingine, na lingine la zile nitakazobeba hasa, ili nazo zipitie njia hiyo hiyo. Ala iko Kariokor. Kwa wiki hii pesa zitaendelea kwenda benki saa sita mchana, mimi na msaidizi wangu pamoja na mzee wa stendi, kwa miguu, upande wa barabara wenye maduka.

Zipu ya begi la pesa imekatika leo tukiwa mbele ya kinyozi. Nimenunua pini nne.